Kipandio cha Arobaini na Moja

Ngazi hizi za Funu nilizijenga mimi,
mwaka ule simenti ilipokuwa ghali kuliko mchele.
Vipandio mia na kumi na mbili,
na kila kimoja nilikiinua vidole viwili kupita haki yake
ili idadi ipungue, mfuko ubaki,
nami nirudi nyumbani na nusu gunia begani
nikipiga mluzi.
Wajawazito walinilaani. Nilicheka.
Nani hulaaniwa na magoti ya wengine akasikia?

Sasa nasikia.

Moyo umekuwa mkubwa, alisema daktari,
nikadhani ananisifu.
Mkubwa kama kiriba kilicholegea, Mzee Cirhuza,
kinajaa, hakikamui.
Kumbe ndiyo maana ikifika jioni viatu vinanikana,
ndiyo maana nalalia mito mitatu
na saa nane usiku nakurupuka
kama mtu aliyevutwa kutoka ziwani kwa ukosi wa shati.

Cibalonza akanificha viatu. Kaa, akasema.
Nilikaa miezi mitatu,
hadi kiti kikajifunza umbo langu
na miguu ikasahau lake.

Ndipo Nabintu wa mazoezi ya viungo,
msichana mwembamba kama ufito,
akanitembeza dakika sita kwenye varanda ya hospitali,
saa mkononi, kalamu sikioni.
Mita mia mbili na thelathini.
Mimi, niliyebeba matofali Muhumba kutwa nzima!
Nilitaka kumwambia saa yake ni mbovu.
"Vidonge unavyo," akasema, "na hii nayo ni dawa,
ila haiuzwi. Kila asubuhi, kidogo.
Jipime uzito kabla ya chai:
ukizidi kilo mbili kwa siku tatu, usipande, njoo kwangu.
Na njiani usalimie watu.
Ukishindwa kumaliza salamu, simama.
Ukiweza kuimba, unanidanganya."

Basi Funu nzima inajua hali yangu.
Asinge, mama wa sambaza.
Asinge, mzee, habari ya moyo?
Upo.
Na nyumbani?
Hapo, kipandio cha tisa, juma la kwanza,
neno likanikatikia kama uzi uliooza:
sala—
nikakaa.
Yeye, huku akipanga samaki wake kwa mafungu,
akanimalizia: —ma.

Juma la nne, ishirini na mbili.
Kisha nikarudi kumi na tano,
kwa ajili ya mvua, nilisema,
na si kwa ajili ya samaki wa chumvi
kwenye harusi ya mpwa wangu Zihindula.
Nabintu sikumwambia kuhusu samaki.
Mizani ilimwambia.

Leo, arobaini na moja.
Nilisimama, wala si kwa pumzi.
Kipandio kimepasuka, tumbo li wazi:
mchanga, mchanga, na jiwe moja la kudanganyia macho.
Hapa simenti niliitia
kama Cibalonza atiavyo chumvi siku hizi kwenye sombe yangu.
Miaka thelathini watu wanaruka hapa,
madumu kichwani, watoto mgongoni,
wameizoea miguu yao kuruka
bila kujua wanaruka nini.
Walikuwa wananiruka mimi.

Moyo haukuniahidi mia na kumi na mbili.
Nabintu naye hakuniahidi; neno lake ni lile lile, kidogo.
Lakini jana usiku mito miwili ilitosha,
na saa nane ilipita mlangoni kwangu bila kubisha.

Kesho nitapanda na kopo la simenti ndani ya mfuko,
mwiko kiunoni. Kopo moja tu:
Cibalonza amelinyanyua mwenyewe, akalipima,
kama apimaye unga wa kukopesha.
Vile vidole viwili sitaweza kuvirudisha.
Ufa, naweza.
Nitapiga magoti pale, polepole
(kupiga magoti, dada Nabintu, nayo tunaihesabu?),
na mtu akipita akiniuliza, mzee, unafanya nini,
nitamjibu jibu refu,
refu kabisa,
hadi mwisho wake.